Mlima wa Majivu

Majivu yakinyunyiziwa maji yana harufu yake. Ikinifikia hata leo, nakaa kwanza. Mie shule sikwenda sana, lakini watu wangu nawajua wote kwa majina.

Tulikaa Temeke, enzi za Mwingereza. Bibi mzaa mama, Mkami binti Semeni, alishuka kutoka milima ya Uluguru kumfuata mwanawe, mama yangu Zaina, baada ya baba kufariki. Alfajiri alikaanga vitumbua, mchana akavitembeza juani, alasiri akarudi miguu imevimba. Ungedhani atalala. Wapi! Alichota majivu mafigani, akayachanganya na mchanga, akayanyunyizia maji, akafinyanga mlima uani. Kijiwe hiki, nyumba ya mama yake, Semeni. Kile cha juu, kwa Mbonde aliyemzaa Semeni. Ufa ule, korongo la fisi aliyeoa binti wa watu. Kila hadithi ilikuwa na mahali pake; nikipakosea, hadithi siipati.

“Mama, watu watadhani tumezika mtu,” mama alilalamika.

Jirani yetu Mzaramo, Bi Mwanahawa, alichungulia juu ya ua. “Mluguru wee, mlima wako leo umenyeshewa?”

“Umenyeshewa, na wewe hukualikwa!”

Kwetu ardhi hufuata tumbo la mama. Shamba la Bibi kule juu lilinisubiri mie, ila kaka yake, Babu Kibwana, alituma maneno: atakuja kuniuliza watu wangu. Nisipowajua, shamba litakwenda tumbo lingine.

Siku aliyofika, mama, kwa heshima ya mgeni, alikuwa amefagia uani pakabaki peupe. Nikaamkia, nikakaa.

“Haya, mjukuu. Mbonde kazaliwa na nani?”

Nikatazama chini. Pale penye mlima palikuwa na mistari ya ufagio tu. Majina yote yakanitoka.

“Mtoto wa mchangani huyu, si wa mlimani,” Babu akasema, akaanza kutafuta fimbo yake.

Bibi alikuwa ameegemea ukuta, kafumba macho kwa uchovu. Hakuyafumbua. “Mpeni majivu.”

Nikachota yakiwa bado na uvuguvugu, nikafinyanga huku nalia. Nilipoweka kijiwe cha kwanza, Semeni akaja. Akafuata Mbonde. Akafuata Kibua aliyemzaa Mbonde, aliyepanda mlimani na mtoto mgongoni akikimbia njaa. Babu akachukua kopo la maji, akamimina kileleni. Yakateremka kule kule unakoteremkia mto wa kwao Uluguru. Akacheka.

“Wa kwetu huyu! Dada, basi twende nyumbani. Kazi umemaliza.”

“Bado,” Bibi akasema. “Hajajua upande wa pili wa mlima.”

Nilifurahi, nikadhani zimebaki hadithi. Nilikuja kuelewa nilipokuwa na wanangu wa kulisha: upande wa pili, ule wa anayebaki mbali na kwao ili walio wake wale, alikwisha kunifundisha zamani. Vitumbua vyake ndivyo vilivyokuwa chakula chetu, angeondoka vipi? Yule mwanamke kila alasiri alikuwa anakwenda kwao, kwa njia aliyoimudu.

Shamba nililipata, wanalilima wengine. Magoti yangu hayapandi tena.

Bibi tulimzika nyuma ya nyumba, kama watu wengi wa Temeke wakati ule. Wanaume walipoondoka, mama alishika ufagio, akafagia uani pote. Alipofika kwenye tuta la kaburi akalizunguka taratibu, asiliguse hata chembe.