Walinipanga katikati kwenye picha, kula nikala peke yangu (Temeke, enzi za Ujamaa)

Wakuu, heshima kwenu. Mie ni bibi, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa.

Enzi za Ujamaa nilipata kazi kiwanda cha nguo Temeke. Mie Mmakonde wa Newala, nina chale uso mzima. Kwetu huo ni urembo. Nilipochanjwa nilijiona mzuri kuliko wasichana wote.

Kiwandani tuliitana ndugu. Ndugu Anastazia huku, Ndugu Anastazia kule.

Ila mchana wanawake walikuwa wanakula sinia moja, na kila nikisogea: "Limejaa, dada."

Limejaa, na nafasi naiona!

Nikawa nakula nyuma ya marobota ya pamba.

Zuhura, mwenyeji wa Mbagala, tulikuwa mashine jirani. Siku moja akabeba sahani yake akaja kukaa na mie. Hatukuongea la maana. Bei ya dagaa, mtoto wake anaota meno. Wakuu, siku ile nilirudi nyumbani Tandika naimba njia nzima.

Haikupita wiki, akaacha. Wenzake walimwambia atatiliwa uchawi wa Kimakonde kwenye ubwabwa.

Ndipo wakaja wageni wa serikali na mpiga picha. Meneja akanishika bega: "Ndugu Anastazia, simama katikati. Waone hapa makabila yote yapo."

Nikasimama. Nikatabasamu kabisa, mjinga mie.

Ikaletwa pilau. Nikakaa kwenye sinia. Wanawake wenzangu wakainuka mmoja mmoja. Zuhura naye, macho chini.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi nikanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, kwenye picha mlinipanga katikati. Kwenye sinia nikae wapi?"

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akagonga meza: "Ndugu, hiyo siyo ajenda."

Nilifanya kazi pale hadi nikastaafu. Nikawa mtu wa kufunika uso kwa khanga kila nikitoka. Binti zangu sikuwachanja. Na mpaka leo nakula nimegeukia ukuta. Wajukuu wanadhani ni mila ya Kimakonde.

Nilichojifunza ni kwamba kuhesabiwa siyo kukaribishwa. Ukitengwa huku unaitwa ndugu, unaanza kujichukia mwenyewe, na hiyo ishu haina dawa hospitali.

Haya, semeni na nyie. Ila anayetaka kuandika "zamani tulikuwa wamoja", kwanza anitajie alikuwa anakula na nani.