Nilivyoikaanga Saladi ya Memsahib

Afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani. Nilikuwa mpishi wa Bwana Shamba, Tarime, na Jumamosi moja Mzungu huyo aliwaalika wazee wa Nyanungu kula nyama choma. Mmoja wao alikuwa baba yake Bhoke, msichana niliyetaka kumuoa. Nilikuwa nimeshapeleka posa, mzee hajanijibu.

Memsahib, mke wa Bwana Shamba, alikatakata kabichi mbichi na karoti, akachanganya na mchuzi mweupe wa mayai, mafuta na siki. "Chacha, hii italiwa na nyama," akasema, akatoka kupokea wageni.

Nikabaki naitazama. Kwetu majani mabichi hupewa ndama. Nimlishe mzee wa watu majani, halafu anipe binti? Nikabandika sufuria, nikakaanga vitunguu, nikamimina bakuli zima. Mchuzi ukakatika mabongemabonge. Mimi na akili zangu nyingi nikaongeza chumvi, nikapeleka mezani.

Memsahib alionja, akaweka uma chini. "Chacha, nani amepika saladi yangu?"

Wazee wote wakanigeukia. Nikakiri kwamba niliogopa kumlisha baba yake Bhoke kama ndama.

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Wakati wa vita nilikuwa mpishi wa jeshi huko Burma," akasema. "Kabichi hii nimeikata mpaka nikaipenda, na leo nimetembea tangu alfajiri nikiitamani. Mkwe wangu, lete nyingine nikufundishe."

Nilikimbilia jikoni kabla hajalifuta neno lile la "mkwe".