Mwalimu Aliyerikodi Karafuu

Mwezi mzima wa kwanza, mwalimu wangu wa fidla hakuniruhusu kuifungua fidla yenyewe. Alinikalisha barazani kwake, Madungu, nimsikilize mkewe akikuna nazi, kisha akaniuliza nimesikia noti ngapi. Nikamwambia nimesikia nazi. Akaandika kitu daftarini, akakifunika kwa kiganja. Mtu wa kufunikafunika mimi simwamini.

Alikuwa pia mtunzi, kwa jinsi alivyoielewa yeye kazi hiyo. Mara moja alipanda jukwaani na fidla tatu na bibi mmoja anayepeta mchele. Ukumbi mzima ulicheka hadi machozi, naye akainama kushukuru.

Msimu wa karafuu ulipofika akaomba kuja kwetu na kinasa sauti chake. Baada ya alasiri mama na majirani hukaa jamvini kuchambua, na yeye alitaka ule mlio wa karafuu zikikatwa kwenye makonyo, vile vijiti vyake. Mama huimba kasida kwa chini akichambua. Sauti hiyo haijapata kuvuka ua wetu, na nilijua fika kuwa huyu bwana ataipeleka Unguja, wanaume wakae vitini waisikilize.

Siku ya tatu nilirudi kutoka dukani nikakuta majirani wameshaondoka, mama na mwalimu wamebaki uani, kinasa sauti kati yao. Wakanyamaza waliponiona. Nilipomuuliza mama, akacheka.

"Yetu hayo, ntoto wangu. Wee yakuhusu nini?"

Sikulala vizuri kwa hasira. Kesho yake, mwalimu alipokwenda kutawadha, nikakichukua kinasa sauti, nikatafuta rikodi ya mwisho, ndefu kuliko zote, nikaifuta. Sikuisikiliza hata kidogo. Niliona kumsikiliza mama humo ndani ni kushirikiana na mwizi. Mwalimu hakuuliza kitu, na kwangu huo ukawa ushahidi: mwenye haki angeuliza.

Mama alifariki kabla ya msimu mwingine. Siku ya hitima mwalimu alikuja, akakaa karibu yangu mkekani. Alikuwa amekonda. Kwa mara ya kwanza nilimwona hajui aanzie wapi.

"Mamako alijua kama anaumwa," akasema. "Siku ile alinambia nimrikodi, nikupe akishaondoka. Alisema nawe nusu saa nzima. Mie niligeukia ukutani, nikaziba masikio, kwa kuwa hayakuwa yangu."

Nikamtazama.

"Tangu juzi natafuta, siioni. Nilikuwa nikifuta zile mbovu, na hiyo nimeifuta mwenyewe bila kujua. Mwanangu, nisamehe."

Watu walikuwa wakitupitishia sahani za wali. Nikampa mkono, nikamwambia nimemsamehe.