Siku Ndege ya Mwanza Ilipomngoja Mama

Miaka ya mwanzo baada ya uhuru nilipata kazi ya kukata tiketi katika ofisi ya kampuni moja ndogo ya ndege mjini Homa Bay. Kampuni ilikuwa na ndege mbili tu, zile za abiria watano, na tajiri wake alikuwa Mhindi wa Kisumu aliyeuza pia mabati na misumari. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Ndani mlikuwa na meza, redio ya kuzungumza na marubani, na mizani kubwa ya kupimia mizigo na watu. Wapo akina mama walioikataa ile mizani katakata, wakisema wao si pamba ya kupelekwa kiwandani.

Ndege zetu zilitoka Kisumu, zikatua Homa Bay, kisha zikaishia Migori kwenye uwanja wa nyasi ambao ilibidi kwanza ng'ombe wafukuzwe. Kutoka Migori kwenda Musoma na Mwanza, njia ilikuwa ya watu wengine: kampuni ya mzungu mmoja aliyezaliwa upande wa Tanganyika, naye pia akiwa na ndege mbili. Kampuni hizi mbili zilichukiana kama wake wenza. Ya kwetu ikitua Migori asubuhi, ya kwao huwa imeondoka alfajiri. Ya kwao ikibadilisha saa, na sisi tunabadilisha. Abiria wa kutoka Kisumu kwenda Mwanza alilala Migori apende asipende, na kesho yake akakata tiketi nyingine. Marubani walipokutana uwanjani hawakusalimiana.

Siku moja yule mzungu aliingia ofisini kwetu na tajiri wetu nyuma yake. Nilidhani wamekuja kugombana. Tajiri akaniambia nilete chai, na nilipoileta nikaachwa nisimame pale.

"Mimi napoteza watu, wewe napoteza watu," tajiri alisema. "Wanaona heri kupanda meli."

"Najua," mzungu akajibu. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. "Basi tufanye hivi. Ukimkatia mtu tiketi hapa, awe abiria wangu pia. Afike Migori, anikute namsubiri. Tiketi moja mpaka Mwanza."

"Na ndege yangu ikichelewa?"

"Nitangoja."

Tajiri alicheka. Na mimi moyoni nilicheka. Nani atamngojea mtu wa kampuni nyingine?

Mkataba wao ulikuwa haujamaliza mwezi simu ya maandishi ilipofika nyumbani. Kaka yangu, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba huko Mwanza, alikuwa ameshikwa mkono na mashine. Yuko hospitali, ilisema, njooni.

Mama yetu alikuwa mjane, anaishi upande wa Ndhiwa. Alikuja mjini Ijumaa asubuhi kwa miguu na kwa lori, amevaa gauni lake la buluu la kanisani, na Biblia ameifunga kwenye leso. Alikuwa Msabato wa kweli, asiyesafiri Sabato ikishaingia Ijumaa jua likizama. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Nitafika kabla jua halijazama?"

"Utafika, Mama," nilimjibu. Ndege ilikuwa inatakiwa kutua saa sita mchana.

Saa sita mvua ilishuka kutoka ziwani, ukungu ukaufunika mlima Asego wote, na kwenye redio rubani wetu akasema amekwama Kisumu. Mama alikaa kwenye benchi. Saa nane bado ilikuwa inanyesha. Kwa ratiba, ndege ya Mwanza ilipaswa kuwa imeshaondoka Migori. Nilichukua redio nikaita, nikijua nasumbua hewa bure.

"Tuna abiria mmoja," nilisema. "Ni mama mtu mzima, ana gauni la buluu. Mwanawe yuko hospitali. Ni Msabato, na leo ni Ijumaa."

Redio ilikoroma. Kisha sauti ya yule mzungu mwenyewe ikaja, maana siku hiyo alikuwa anaendesha yeye.

"Nimesikia. Mwambie namngoja."

Ndege yetu ilipotua mwishowe, tajiri, aliyekuwa amekuja nayo, aliniangalia usoni akasema, "Panda na mama yako mpaka Migori. Kiti kipo."

Nilikuwa nimekata tiketi za watu wengi sana, lakini sikuwahi kupanda ndege hata siku moja. Tulipoinuka nilishika kiti kwa mikono yote miwili. Mama alikuwa amefumba macho anaomba. Kisha kelele ikapungua kidogo, nikatazama chini, na nikasahau kushika kitu chochote.

Mvua ilikuwa imeosha nchi nzima. Ziwa lilikuwa limelala nyuma yetu, jeupe mpaka mwisho wa macho. Mbele yetu maboma yalikuwa yametawanyika, kila boma na ua wake wa minyaa uliozunguka kana kwamba mtu ameuchora kwa kidole. Mito niliyoivuka kwa shida nikiwa mtoto ilikuwa nyuzi za kahawia. Nilimgusa Mama bega. Akafumbua macho.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Ule mti. Ule mti uliopigwa na radi. Lile ni boma langu!"

Ilikuwa kweli. Niliyaona mapaa yetu ya nyasi, nikaona hata kaburi la baba, duara dogo la mawe kando ya nyumba.

"Mbona ni dogo hivi?" Mama alinong'ona. "Na mimi nimechoka ndani yake miaka yote hii." Machozi yalikuwa yanamtoka huku anatabasamu, na sikujua nimfute au nimwache.

Tulipoanza kushuka Migori, niliangalia uwanjani huku nikiogopa kuangalia. Ndege ya Mwanza ilikuwa pale. Injini zimezimwa, abiria wameketi chini ya bawa lake: wafanyabiashara wawili wa Kikuria kutoka Ntimaru na padri mmoja. Walikuwa wamengoja pale tangu mchana.

Mfanyabiashara mmoja alisimama kwa hasira. "Kumbe ni mtu mmoja tu? Tumekaushwa hapa kwa sababu ya mtu mmoja, na si hata wa kampuni yako?"

"Ni wangu," mzungu alisema. Akamsogelea Mama, akavua kofia. "Shikamoo, Mama. Wewe utakaa mbele na mimi. Tukienda sasa, jua tutalishinda."

Mama aliitikia, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kijaluo, "Amenijuaje?"

"Nilimwambia kwenye redio."

"Wewe ulimwambia. Lakini nani alimfanya angoje?"

Yule mfanyabiashara aliyekasirika alikuwa ameshachukua mzigo wa Mama na anauingiza ndani mwenyewe. Marubani wawili, wetu na yule mzungu, walisimama wakijaziana mafuta kutoka pipa moja. Nilitazama ndege ile mpaka ikawa nukta juu ya vilima vya mpakani.

Kaka alipona. Alipoteza vidole viwili, mkono ukabaki. Mama alirudi baada ya muda mrefu, amenenepa, na jambo alilolisimulia zaidi halikuwa ndege. Ni kwamba alipotua Mwanza, jua likiwa bado juu ya maji, msichana wa ofisi ya kule alikuwa anamngoja. Alimshika mkono, akamwita mama, akampeleka mpaka kwenye kitanda cha mwanawe.

Mwaka uliofuata kampuni hizo mbili ziliunganishwa kabisa, zikawa moja, ndege zote nne zikapakwa rangi mpya. Mimi na yule msichana wa Mwanza tukawa wafanyakazi wa tajiri mmoja. Kila asubuhi tuliitana kwenye redio, kwanza kazi, halafu habari za nyumbani. Alinijulisha alipoolewa, na mwanangu wa kwanza alipozaliwa, Mwanza walijua kabla ya shangazi zangu wa Sindo. Baadaye kampuni kubwa zaidi ilinunua ile yetu na ikaona Homa Bay haina abiria wa kutosha. Redio ikachukuliwa. Sura ya yule msichana sikuwahi kuiona, lakini sauti yake ningeitambua hata leo, katikati ya soko lolote.