Mteja Asiye na Haraka

Verediana alikuwa na kawaida yake ya asubuhi. Akishadeki duka, alikaa kwenye stuli nyuma ya kaunta, akachomeka spika ya sikioni, ya kushoto tu, akabonyeza simu. Sauti ya mwanamke ikasema, "Shikamoo, dada." Naye akaitika, "Marahaba, mdogo wangu," kwa sauti kabisa, kana kwamba mtu amesimama pale mbele ya nondo za dirisha. Kisha akachagua jibu lililo sahihi, akasikiliza mpaka mwisho, akachomoa, akafungua dirisha.

Wenzake dukani walishazoea. Mgeni ndiye angeshtuka, na angeshtuka zaidi angeambiwa kwamba mwenye sauti ile, Oliva, mdogo wake Verediana wa tumbo moja, alikuwa amelala kaburini Matogoro tangu kabla ya mvua za kwanza.

Lile duka la dawa liko Lizaboni, limepakana na kibanda cha kijana anayeuza nyimbo. Spika yake inakaa mlangoni, inaimba kutwa. Kwa hiyo pale kwenye nondo hakuna anayenong'ona. Mteja anapaza sauti, muuzaji naye anapaza. Verediana alikuwa na sheria yake, na kila muuzaji mpya alimfundisha siku ya kwanza kabla hajamwonyesha hata rafu: "Dawa haitolewi kwa kukisia. Uliza kwa sauti, ajibu kwa sauti. Ukisikia vibaya, umeua." Kwa sheria hiyo hawakuwahi kukosea dawa, na yeye alijivunia.

Mwenye duka ni Ramson, mfamasia kijana kutoka Mbeya, mwenye maduka mengine mawili, Ruhuwiko na Matogoro. Siku moja alimwita stoo.

"Dada Vere, wateja wanatukimbia. Dawa tunazo, bei zetu si mbaya, ila mtu akija mara moja, basi, humwoni tena. Nataka mafunzo ya kwenye simu. Siyo ya kusoma kurasa, watasinzia. Mteja anatokea, anasema shida yake, muuzaji anachagua amjibu vipi. Akijibu ovyo, mteja anaondoka. Vile visa utavitunga wewe."

"Mimi? Si utafute wasomi wako huko?"

"Wasomi wangu hawajawahi kutukanwa na mzee anayetaka nusu dozi."

Verediana akacheka, akakubali. Akaanza kuwaandika wateja aliowaona miaka yote: mzee wa nusu dozi, kijana anayeagiza dawa ya kichwa huku macho yake yapo kwenye kitu kingine kabisa, mama anayetaka mtoto wake apewe dawa ile ile aliyopewa wa jirani. Wa mwisho kumwandika alikuwa mwanamke anayefika dukani akawapisha watu wote. Kila anayekuja nyuma yake anaambiwa, "Mhudumie huyu kwanza, mimi sina haraka." Muuzaji yeyote anamjua mtu huyo. Huyo ndiye mwenye haraka kuliko wote, ila shida yake haisemeki mbele za watu.

Sauti za wateja walitafuta kwa majirani na ndugu. Ya mwanamke yule, na ya yule mama pia, Verediana aliona Oliva atazifaa. Akaenda nyumbani Matogoro Jumapili baada ya misa. Ilikuwa Julai, baridi ya kung'ata, ukungu umeshuka mlimani mpaka kwenye migomba. Alimkuta Oliva amejifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, vyote vyeusi. Akajua ni baridi.

Ili mwangwi usiingie, walijifunika blanketi kichwani, wote wawili, simu katikati, kama walivyokuwa wakijificha utotoni wakitumwa maji.

"Dada, unanuka dawa ya kikohozi."

"Na wewe unanuka moshi. Haya, sema. Ukikosea unarudia."

"Kumbe hata ugonjwa una mtihani siku hizi!"

Alianza na mama wa mtoto, akaigiza mpaka mama yao mzazi, Mama Lukresia, akawa anacheka huko jikoni. Kisha wakaja kwa mwanamke asiye na haraka. Oliva akasalimia, akawapisha wenzake, akasema ana shida ya damu, haikati. Mpaka hapo alifuata yaliyoandikwa. Ikabaki ile sehemu ambayo muuzaji amejibu vibaya na mteja anaondoka. Verediana alikuwa ameandika "Basi, naenda" tu.

Oliva akalivuta blanketi karibu na uso. Kisha akasema taratibu, "Basi, dada. Nilidhani nitamkuta yule mwingine."

"Hayo mbona sikuyaandika?"

"Si umesema niigize?"

"Umeigiza mpaka nywele zimenisimama. Tuyaache hivyo hivyo."

Wakafunua blanketi, wakanywa uji. Oliva hakumaliza wake.

Haukupita muda, akalazwa hospitali. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi. Daktari aliuliza damu imeanza lini, Oliva akatazama ukuta. Alipomjibu, daktari alifunga faili polepole akasema, "Mama, ungekuja mapema." Walimrudisha nyumbani, na hakumaliza hata mahindi ya msimu ule yaliyokuwa ghalani.

Mafunzo yalikuwa yameshatumwa. Wauzaji wa maduka yote matatu walikuwa nayo kwenye simu zao. Hawakujua sauti ni ya nani, isipokuwa wa Lizaboni, waliokuja msibani. Binti mmoja wa Ruhuwiko alimsimamisha Verediana sokoni akamuuliza, "Dada, yule mteja wa mwisho, yule wa damu, alipona?" Akauliza hivyo kama anauliza mtu anayemjua. Verediana akajibu kwamba alipumzika, akaondoka na nyanya zake bila kudai chenji.

Ndipo ile kawaida ya asubuhi ilipoanza. Aliona kama asipomjibu yeye vizuri, siku nzima huko Ruhuwiko na Matogoro kuna mtu atamjibu vibaya, na Oliva atageuka, ataondoka. Siku nyingine alisikia "Shikamoo, dada" akiwa hana spika sikioni. Aliitika vilevile.

Mama Lukresia aliposikia habari hiyo alikasirika.

"Vere, unamwitikia marehemu?"

"Ni simu tu, mama."

"Simu ndiyo inayosema marahaba? Mtu ameshaombewa, ameshafungiwa njia yake, wewe kila kukicha unamwita dukani! Ana kazi gani dukani? Mwanangu huyu mmoja nilishamzika. Usinifanye nimzike kila siku."

Alichoogopa Verediana ni kingine. Ile sentensi ya Oliva ilikuwa imeanza kumgeukia. Yule mwingine, nani? Anayemtafuta mwingine ni yule aliyekwenda mahali akamkosa mtu wake. Aliisukuma ile fikra, nayo ikarudi, kama mbwa anayefukuzwa na mwenyewe.

Wiki hiyo Ramson akaja na kompyuta yake.

"Dada Vere, pole, najua ni mdogo wako. Lakini kile kisa cha mwisho kinawatia watu simanzi. Recho wako wa dirishani hapa hajakimaliza mpaka leo, ananiambia anaogopa. Na kuna maduka ya Njombe yanataka kuyanunua mafunzo haya. Hawawezi kununua msiba. Mteja asiondoke moja kwa moja. Arudi. Aseme asante."

"Hakusema asante."

"Alisema kwenye kile kisa cha mama wa mtoto. Unakata pale, unabandika hapa. Sauti si ni moja? Ukishindwa nitampa kijana wangu afanye, dakika tu."

Akamwachia kompyuta stoo, akaenda Ruhuwiko.

Verediana alikata. Sijui mtu utasema nini juu ya hilo. Labda aliona afadhali mkono wake kuliko wa kijana asiyemjua. Alichukua "asante, dada" ya mama wa mtoto, akachukua "nitarudi," akabandika mwishoni. Kisha akabonyeza kusikiliza, na safari hii hakuwa na spika ya sikioni, sauti ikatoka stoo nzima: "Basi, dada. Asante, dada. Nitarudi."

Ilikuwa sauti ya Oliva, ile ile. Lakini ilikuwa ya mtu aliyeshikwa kidevu akaambiwa acheke.

Mlangoni palikuwa na Recho, koti lake jeupe limelowa chai. Kikombe kilikuwa kimemponyoka.

"Alikuja, dada Vere," akasema.

"Nani?"

"Huyo. Alikuja kweli. Ile siku uliyokuwa kwenye kikao Ruhuwiko. Alisimama pale pembeni, akawapisha watu. Sikumjua, haki ya Mungu sikumjua mpaka nilipoona picha yake msibani. Aliniuliza, 'Yule dada mwingine yupo?' Nikamwambia hayupo, sema shida yako. Akasema pole pole. Muziki huo. Sikusikia."

"Ukafanyaje?"

Recho akashika fremu ya mlango. "Kama ulivyonifundisha. Nikamuuliza kwa sauti. 'Damu? Damu ya wapi? Tangu lini?' Watu walikuwepo, dada, na wanaume. Akasema basi. Akaenda."

Huko nje spika ya kijana iliendelea kuimba. Verediana alitafuta hasira akaikosa. Angemkasirikia nani? Maneno aliyoyasikia kinywani mwa Recho yalikuwa yake mwenyewe, neno kwa neno, hata ile namna ya kuuliza mara mbili.

"Nenda dirishani, mwanangu, kuna watu," akamwambia.

Alipobaki peke yake alifuta ile asante. Kisha akafuta na mengine yote: salamu, mama wa mtoto, vicheko vya majaribio vilivyobaki kwenye simu yake, kila mahali Oliva alipokuwa. Sasa hakuna atakayemkata wala kumbandika. Akavua kitenge kiunoni, akajifunika kichwani katikati ya maboksi ya dawa, peke yake, simu mbele ya mdomo. Sauti ya mama wa mtoto alimwachia Ramson aitafute kwingine. Yeye alisoma sehemu ya mwanamke asiye na haraka, kutoka salamu mpaka mwisho. Alipofika pale pa kuondoka hakuongeza wala hakupunguza.

"Basi, dada. Nilidhani nitamkuta yule mwingine."

Akaiweka mahali pake, akaituma kwenye maduka yote matatu, ichukue nafasi ya ile ya kwanza.

Alitundika koti lake jeupe msumarini. Funguo aliziweka juu ya kompyuta ya Ramson. Akatokea mlango wa pembeni, akazunguka mpaka mbele, akasimama kwenye nondo upande wa wateja, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Nyuma yake alikuja mzee mmoja amebana karatasi ya hospitali kwapani.

Recho akainua macho. "Dada Vere, vipi tena? Unataka nini huko?"

"Mhudumie huyu kwanza," Verediana akasema. "Mimi sina haraka."

Mzee akasogea, akaanza kueleza, muziki ukammeza. Recho alifungua mdomo apaze sauti, akaufunga. Akauinamisha mwili wake wote juu ya kaunta mpaka sikio likagusa nondo, na mzee akasemea humo. Verediana alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Hakusikia hata neno.

Akajifunga kitenge vizuri, akashika njia ya kwenda Matogoro, akapita kibanda cha nyimbo, akapita kwa fundi baiskeli aliyemwita akidhani anakwenda kununua maandazi. Hakugeuka kuitika. Dukani walimwekea chai yake mpaka ikapoa, na siku ya pili wakamwekea nyingine. Hakurudi.