Lenah na Wanja wa Mirriam

Mwaka wa 1996, mwanamke wa Donholm aliyetaka macho yake yaonekane alikwenda kwa Lenah. Lenah alikuwa amekodi chumba Makadara, karibu na mahakama, akakigawa kwa pazia: mbele alisuka nywele, nyuma alipamba nyuso. Alikuwa Mbukusu mrefu, mcheshi, aliyefanya kazi kiwandani miaka tisa kabla ya kupunguzwa kazi. Kila shughuli aliipa wanja wake. Bibi harusi alichorewa mstari mnene unaopanda mwishoni, kwa ajili ya picha. Wa kanisani alipata mwembamba, usiomsahaulisha mchungaji mahubiri yake. Kulikuwa pia na waliopitia kwake asubuhi kabla ya kuingia kortini.

"Hao nawapaka hudhurungi kidogo chini ya jicho," aliniambia. "Hakimu aone mtu aliyekosa usingizi kwa mawazo, asione mtu wa baa."

Mwezi wa Agosti alifariki Mirriam, dada wa marehemu mume wangu. Alikuwa amekondeshwa na ugonjwa ambao siku hizo haukutajwa, macho yametumbukia ndani. Ijumaa watu wangepita mbele ya jeneza kumuaga, na nilijua wangetafuta nini usoni mwake. Shemeji zangu walitaka jeneza lifungwe. Niliwaambia kwamba jeneza lililofungwa lingesema mengi zaidi, na ukoo wetu ungekuwa gumzo kutoka Donholm hadi Murang'a. Nikamwendea Lenah.

"Mwalimu," akasema, "maharusi wakisikia nimegusa maiti, hakuna atakayekalia kiti changu tena."

"Hawatasikia."

"Kwa umbea wa Eastlands hii?"

Mwishowe Lenah akasema angenunua vifaa vipya vizikwe na Mirriam, na angeondoka kabla watu hawajafika. Akaomba picha. Nilimpelekea ya harusi, akairudisha.

"Huyu waliomzoea hawamjui. Niletee ya juzijuzi, ya nyumbani."

Nikampa moja aliyopigwa jikoni kwangu, Mirriam akicheka, mwiko mkono wa kushoto.

Ijumaa tulikuwa mochari saa moja asubuhi. Lenah alijaza mashimo ya macho kwa poda, tabaka juu ya tabaka, akirudi nyuma kutazama kila mara. Alichukua muda mno. Kila gari lililonguruma nje lilinifanya nisimame. Saa tatu kasorobo ndipo alipochora wanja kwenye kope zilizofumba. Nikaona mstari wa jicho la kulia umenenepa, na mwisho wake umepinda.

"Lenah! Umemharibu. Futa!"

"Tazama picha, amejipaka hivihivi. Si alitumia mkono wa kushoto?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi kujipaka jicho la kulia kulimsumbua miaka yote. Nikiunyoosha wanja wake watashangaa, na wakishangaa wataangalia sana, Mwalimu. Wakiangalia sana wataona yote."

Milango ya gari ikafungwa nje. Lenah akatumbukiza penseli na brashi kando ya miguu ya Mirriam, akatoka kwa mlango wa nyuma. Sikuwa na muda wa kufuta chochote.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Obura, jirani yetu, ambaye habari za kila nyumba alizijua kabla ya wenyewe. Aliinama hadi kitambaa chake cha kichwani karibu kimguse Mirriam. Nikashika ukingo wa benchi.

"Yawa, jamani, Mirriam!" akasema, wote wakamsikia. "Hata leo jicho la kulia limekushinda?"

Akacheka, kisha akaanza kulia. Akina mama waliomfuata walichungulia jicho hilohilo, nao wakalia. Foleni ikasonga hadi mwisho, sikusikia mnong'ono hata mmoja.

Nje, Mama Obura alinishika mkono. "Ni nani amempaka vile? Niambie, mama. Binti yangu anaolewa Desemba, nisije nikampeleka kwa mikono iliyogusa maiti."

"Mimi," nikasema.

"Wewe? Mbona sijawahi kukuona na wanja hata siku moja?"

"Ni mimi, Mama Obura. Binti yako mpeleke kwa Lenah, pale Makadara."