Fundi makochi aliyepasua godoro lake

Tik. Tochi inawashwa gizani, saa kumi na moja alfajiri. Fundi wa makochi, ambaye majirani humwita Mama Sindano, anainamia kitanda alichoamkia sasa hivi na kukagua shuka jeupe, pindo kwa pindo. Anatafuta nukta za damu.

Hakuna. Ni asubuhi ya kumi mfululizo.

"Bado naogopa kufurahi," ananong'ona. "Kunguni wana hila."

Waliingia kwake ndani ya kochi kuukuu aliloletewa alishone upya. Aliyeumia zaidi ni binti yake wa miaka sita. Siku moja mama alihesabu alama ishirini na tatu mgongoni mwake. Bibi wa mtoto akaja, akafunga nguo za mjukuu aondoke naye.

"Huyu si chakula cha wadudu," alisema. "Ukiwamaliza, niite."

Sasa ni wiki ya nne chumba hiki hakina mtoto.

Jaribio la kwanza lilikwenda kombo. Fundi alilaza godoro juani kutwa nzima, jioni akalirudisha ndani.

"Kumbe walihamia upande wa kivulini! Nikawabeba mwenyewe kama wageni wa heshima."

Ndipo akashika kisu chake kirefu cha kukatia sponji, akalipasua godoro kwa unene wake, likawa mawili membamba. Kila kipande akakifunga ndani ya plastiki nyeusi, akakianika juu ya mabati, na katikati ya sponji akachomeka kipande cha mshumaa. Viungo vya kitanda akavimwagia maji yanayochemka.

"Mshumaa haunidanganyi. Ukitoka mgumu, joto halijafika ndani. Siku ya kwanza ulitoka mzima, nikalia. Siku ya tatu, jua kali kweli, ukatoka umebonyea kama siagi."

Akaligundisha godoro, akatandika shuka jeupe na kulilalia yeye kwanza.

Mchana, mbele ya karakana yake, mito ya kochi la mteja imepangwa juani katika mifuko myeusi. Fundi viatu wa jirani hamwachi kwa utani.

"Mama Sindano, leo unapika nini humo?"

"Jamaa zako! Ukizidi maneno nakufunga na wewe."

Anapanga kujenga kibanda kidogo cha mabati, akipake rangi nyeusi. Kochi lolote litapita humo kwanza kabla ya kuguswa na sindano. "Jua letu ni la bure," anasema, "na nyumbani kwangu hawarudi tena."

Alasiri, baada ya kuitwa, bibi anafika na mjukuu mkononi. Hata salamu hajamaliza, anainua godoro, anapitisha kidole kwenye mstari wa gundi.

"Mama, kaa basi upumzike."

"Nitakaa nikiridhika."

Anakagua kona zote nne. Fundi amesimama mlangoni, kanga ameikunja mkononi. Mtoto hasubiri hukumu. Anavua viatu, anapanda kitandani, anavuta shuka hadi kidevuni.

"Bibi, leo mimi nalala kwetu."